Wiki ya Kujijibu

Jumatano, 7 Mei

Nimefundisha. Koo linawasha. Mwaka wa tatu, somo la nafsi na kifo, wiki ya mpinzani.

Utaratibu wangu ni uleule tangu nikiwa mhadhiri msaidizi. Wiki ya kwanza nasimama upande wa mpinzani na kumtetea kwa nguvu zangu zote. Sisemi "wao wanadai". Nasema "mimi nasema". Wiki inayofuata najijibu. Hoja inayosemwa na mtu asiyeiamini husikika dhaifu hata kama ina nguvu, kwa hiyo kwa saa moja najifanya naiamini. Nilifundishwa hivyo na nimefundisha hivyo.

Leo nimesema mtu akifa amekwisha. Hayupo popote. Hasikii, haoni, hangoji kitu. Anayemsomea Kurani anajituliza mwenyewe. Kila mwaka mfano wangu huwa mzee mmoja asiye na jina. Leo nimemtaja baba. Imenitoka tu. Nimesema, baba yangu amezikwa mwezi uliopita, tunaandaa arubaini yake, na nawaambieni hakuna mtu wa kuipokea.

Darasa likatulia. Nilijivunia ule utulivu, lazima nikiri. Kisha kijana wa nyuma akanyoosha mkono. "Na wewe mwenyewe, Dokta, ndivyo unavyoamini?"

Nikabaki na chaki mkononi. Jibu la kawaida ni kucheka na kusema "njooni wiki ijayo". Halikuja. Lilipokuja lilikuwa limechelewa, na nilikuwa tayari nakusanya karatasi zangu.

Nina hofu kidogo. Sijui ya nini.

Ijumaa, 9 Mei

Jibu haliandikiki. Nina madondoo ya mwaka jana, na ya mwaka juzi. Yote mazuri. Nimeyasoma kwa sauti hapa mezani, nikajiona kama mwanamke anayenadi dawa ya mende sokoni.

Nimepika ugali, sikula.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda Kariakoo kwa mama. Nyumba yetu ni ya mwisho ya chini katika mtaa mzima. Kushoto ghorofa, kulia ghorofa, mbele wanachimba. Baba alikataa kuuza. Alikaa barazani na cherehani yake, akishona suruali za watu wanaofungua maduka, na kila aliyepita alimwambia binti yake ni daktari. Watu wakawa wananiletea vidonda na vipimo vya mkojo. Baba hakuona haya. "Ni daktari wa chuoni," alisema, "subirini atawaelekeza hospitali." Na mimi nikawaelekeza, miaka yote hiyo.

Mama ametandika mkeka sebuleni, anachambua mchele wa pilau ingawa arubaini ni wiki mbili mbele. Kaka Shabani ameshaomba sanduku la juzuu thelathini za Kurani msikitini. Jumapili ya tarehe ishirini na tano. Mama ametaja kwa majina watakaokuja kusoma, jirani kwa jirani, mpaka wale waliokwisha hamia Mbagala. Anataka hitma, Kurani nzima, ifungwe asubuhi hiyohiyo, kila juzuu na msomaji wake, asipatikane mtu wa kusoma mbili. Kwa mama, msomaji mmoja kushika juzuu mbili ni dalili kwamba marehemu hakuwa na watu.

Aliniuliza kama bado naweza kusoma. Nimesema kidogo. Sijashika juzuu tangu nilipotoka chuo cha Kurani cha mtaani na kwenda sekondari ya bweni.

Jumatano, 14 Mei

Mvua tangu alfajiri. Barabara imefungwa pale Jangwani, maji yamepita juu. Chuo kimetangaza hakuna vipindi.

Nimefurahi. Kisha nikajiogopa kwa kufurahi. Ndiyo mara ya kwanza wiki ya mpinzani kupita bila wiki ya kujijibu.

Ijumaa, 16 Mei

Nimesikia sauti yangu kwenye simu ya mtu mwingine.

Nilikuwa dukani hapa Ilala nanunua mkate. Muuza duka ameweka simu juu ya friji, inasikika: "Baba yangu amezikwa mwezi uliopita... nawaambieni hakuna mtu wa kuipokea." Ni mimi. Ile sauti yangu ya darasani, ya majigambo. Inakatika hapohapo. Muuza duka akatikisa kichwa, akasema, "Watu wamesoma mpaka wamepotea." Hakunijua. Nimelipa, nikasahau mkate.

Nimefika nyumbani nikafunga mlango kwa komeo na kitasa.

Jumamosi, 17 Mei

Iko kila grupu. Grupu la ukoo, grupu la mtaa, grupu la waliosoma nami sekondari. Wameiwekea maneno juu: PROFESA WA KARIAKOO AMKANA BABA YAKE. Uprofesa wenyewe sijaupata. Faili langu bado liko kwenye kamati.

Namba nisizozijua zinapiga. Sipokei. Mmoja ameandika tu jina la mtaa wetu na jina la baba, basi, hakuna zaidi. Nimelitazama muda mrefu. Nimeshindwa hata kulifuta.

Wengine wananipongeza, na hao wananitisha zaidi. Vijana wa msikiti mmoja wanaopinga mambo ya hitma wamenitumia salamu: dada umesema kweli, kisomo hakimfikii maiti, ungana nasi. Wao wanaamini maiti anaulizwa kaburini. Mimi nilisema hakuna wa kuulizwa. Tumekutana njiani kila mmoja anakwenda kwake, na wao hawajui.

Kaka Shabani amepiga. Huyo nimempokea.

"We Mwanahawa, umefanya nini?"

Nimeeleza. Wiki ya mpinzani, wiki ya kujijibu, mvua. Ameniacha nikamaliza. Halafu akasema, "Hayo mambo yenu ya darasani mimi siyajui. Watu wanauliza huku. Shehe Athumani anauliza. Fanya hivi, jirekodi, sema ulikosea, sema unaamini kisomo kinamfika mzee. Dakika moja tu. La sivyo Jumapili usije. Ukija wewe, wao hawaji."

Mama bado hajui. Hana simu ya kuonyesha vitu hivyo. Atajua.

Jumapili, 18 Mei

Nimejaribu kujirekodi. Nimevaa mtandio mweusi, nimekaa mbele ya ukuta mweupe.

"Mimi Mwanahawa binti Rajabu nasema..." Nikakwama. Nimerudia. Nimekwama palepale. Maisha yangu yote ya kazi nimesema "mimi nasema" mbele ya watu kwa mambo nisiyoyaamini, bila shida, nikalipwa mshahara. Leo mbele ya simu yangu mwenyewe neno "nasema" haliendi.

Ningejua kwamba ni uongo ningeweza. Ningejua kwamba ni kweli ningeweza pia. Sijui. Hilo ndilo linalonitisha. Ile hoja niliyoijenga Jumatano ile ni bora kuliko zote nilizowahi kumjengea mpinzani. Niliiandika juma lilelile tuliporudi makaburini. Nilidhani naandaa somo.

Jumatatu, 19 Mei

Mkuu wa idara ameniita. Ni mtu wa Rombo, mpole, kanisani mzee wa baraza, na tulianza kazi pamoja. Alikuwa na hofu kuliko mimi. Alifunga mlango, akafungua, akafunga tena.

"Dada, tunajua unavyofundisha. Mimi mwenyewe nafundisha hivyo," alisema. "Lakini juu wamenipigia. Pumzika kipindi cha Jumatano hii. Upepo ukipita tutaona."

Nikamwambia wiki hii ndiyo ya kujijibu. Nisipofundisha, wanafunzi watabaki na nusu. Akasema anaelewa. Akasema hata kamati ya vyeo imeomba isubiri kidogo na faili langu. Tukanywa chai. Nikagundua kwamba yeye anazungumza kwa kunong'ona, na mimi pia.

Nimetoka kwa mlango wa nyuma. Mwanamke wa umri wangu, nimechapisha makala, nimekaa Ulaya nikitetea tasnifu mbele ya wazee watano wakali, natoka kwa mlango wa nyuma karibu na mapipa ya taka. Nimekasirika mpaka nikalia.

Jumanne, 20 Mei

Mlango umegongwa. Nimesimama jikoni nimeshika mwiko. Ukagongwa tena, sauti ya kike, "Shikamoo Dokta, ni Tumaini, wa mwaka wa tatu."

Tumaini ni yule anayekaa mstari wa mbele na kuandika kila kitu. Anauza viatu vya mitumba Kariakoo asubuhi na anafika darasani na vumbi la viatu mikononi. Alianza kulia kabla hajakaa.

Ni yeye. Hurekodi kila kipindi ili asikilize tena akipanga viatu. Mwenzake aliyekosa darasa alimwomba amtumie. Faili zima lilikuwa zito, bando halitoshi. Akakata kipande alichoona kizuri kuliko vyote.

"Nilidhani wataelewa, Dokta. Sisi tunajua wiki ya mpinzani."

Hakuna aliye nje ya lile darasa anayejua wiki ya mpinzani. Hilo ni kosa lake. Ni langu pia, na la kila aliyenifundisha. Tunazoea kusema mambo ya hatari ndani ya chumba na kudhani chumba kinatufuata nje.

Anayo sauti nzima. Mwanzoni nasema wazi, "Leo nitasema kwa mdomo wa mpinzani." Nikiruhusu ataituma kila grupu, amekwisha nunua bando. Nikashusha pumzi. Nimeokoka, nikawaza. Nikamwambia aniachie kwanza niisikilize.

Jumatano, 21 Mei

Sina kipindi. Nimesikiliza.

Mwanzo uko sawa. Naonya, natania, wanacheka. Hoja inapanda vizuri. Halafu swali la yule kijana: "Na wewe mwenyewe, Dokta, ndivyo unavyoamini?"

Halafu ule ukimya. Darasani niliuona mfupi. Kwenye simu ni mrefu, una feni ndani yake, una mtu anayekohoa, una kiti kinachosogea. Anayeusikia hahitaji tafsiri. Nimeusikiliza mara nyingi. Kile kipande kinachozunguka kinasema mpinzani haamini. Hii nzima inasema asiyeamini ni mimi.

Nimempigia Tumaini. Nimesema asitume. Akauliza kwa nini, nikasema nitamweleza siku nyingine. Nimemdanganya mtoto wa watu aliyekuja kuniokoa.

Alhamisi, 22 Mei

Nimekwenda sokoni Kariakoo kununua iliki na mdalasini wa pilau. Mama aliniagiza kabla ya haya yote. Nimevaa barakoa. Nimepita pembeni mwa kuta.

Bi. Tatu wa viungo ananijua tangu nikibebwa mgongoni. Yeye ndiye aliyemwosha bibi yangu alipofariki. Nimeshusha barakoa, nikasema, "Shikamoo Bi. Tatu."

Hakuitika.

Alipima iliki, akafunga, akaweka mezani badala ya kunipa mkononi. Nikarudia, "Shikamoo." Akamtazama mteja wa nyuma yangu na kumuuliza anataka nini.

Nimetishwa na namba ngeni wiki nzima, nikasema haya yatapita. Hili la Bi. Tatu limenivunja. Nilitembea mpaka Msimbazi bila kujua naelekea wapi. Hofu yangu yote sasa ina umbo moja. Jumapili mkeka wa baba utabaki mtupu, mama atakaa pembeni akitazama juzuu zisizo na wasomaji, na atajua nani amewafukuza.

Ijumaa, 23 Mei

Hotuba ya msikiti wa mtaani imenitaja bila kunitaja. Kaka Shabani amenipigia kunieleza. Sauti yake imechoka, hagombi tena. "Wengine wamesema watakuja kwa ajili ya mzee. Wengine wamekaa kimya. Ile video umejirekodi?"

Nimesema sijaweza.

"Basi usije, Mwanahawa. Nakuomba."

Nimesema nitakuja leo au kesho kuonana na mama, kisha nitaamua. Amekata simu bila kuaga. Kwetu hilo halijapata kutokea.

Jumamosi, 24 Mei

Mama anajua. Wamemwambia kisimani, yaani pale bombani, mama bado anaita kisima. Nimemkuta uani akikatakata vitunguu, macho mekundu, na sikuweza kujua ni ya vitunguu au ya nini.

Akaniuliza bila kuinua kichwa. "Ulisema baba yako hasikii?"

"Nilisema, mama. Kazini. Ni namna ya kufundisha, nasema maneno ya mtu mwingine, halafu..."

"Na wewe? Maneno yako wewe?"

Ningeweza kumdanganya. Yule ndiye mtu mmoja duniani ambaye uongo ungemfaa, na mimi ningelala vizuri.

"Sijui, mama."

Akaendelea kukata. Kisu chake hakikubadilika mwendo. Nilingoja anifukuze, au anikumbatie, au aseme neno nitakaloweza kuondoka nalo. Alisema vitunguu havitoshi. Nikaenda kununua vingine. Niliporudi alikuwa ameingia chumbani, amefunga mlango.

Nimelala sebuleni kwenye mkeka, karibu na sanduku la juzuu. Kaka Shabani amenikuta, akasita, akanitupia shuka.

Jumapili, 25 Mei

Wamekuja wachache.

Wanaume barazani, wanawake sebuleni. Nilikaa kona ya mlango wa kuelekea uani, nusu ndani nusu nje, ili mtu akikasirika niwe njiani kutoka. Hakuna aliyenitukana. Walinipa mkono kwa ncha za vidole. Bi. Tatu alikuja. Alikaa mbali nami, akachukua juzuu yake, akasoma, akaibusu, akairudisha.

Waliokuja walisoma. Baadhi wakachukua ya pili bila kuambiwa. Nilimtazama mama. Kila mkono uliporudi kwenye sanduku kwa mara ya pili, uso wake ulikaza kidogo. Halafu watu wakachoka, wengine wana watoto, wengine wana maduka. Ikabaki moja. Ilikaa katikati ya mkeka. Barazani Shehe Athumani akauliza kama ndani tumemaliza, ili aombe dua.

Nimeichukua mimi.

Nilifungua. Herufi nilizitambua mojamoja, kama watu wa mtaa niliowaacha zamani. Nikaanza. Nilisoma vibaya mno. Nilitambaa. Mstari mmoja nilirudia mara kadhaa. Sebule nzima ilikuwa inanisikiliza mimi peke yangu, kwa kuwa wengine wote wamemaliza, na barazani wanangoja, na dua haiwezi kuombwa mpaka nifike mwisho. Pilau ikaanza kunuka kuungua chini. Mtu akaenda kuipunguzia moto.

Sikuwa naamini na sikuwa nakana. Nilikuwa naogopa kukosea. Nilimwona baba barazani na miwani yake imefungwa uzi, ananingoja nimalize kama alivyoningoja miaka yote nimalize shule, na shahada, na shahada nyingine, na nyingine. Nikasema kimoyomoyo, baba, vumilia. Nikajisikia nikisema. Kwa nani?

Niliendelea kusoma.

Kwenye ukurasa mmoja nilikwama kabisa. Kilikuwa kimya kilekile cha darasani, feni na kikohozi, nikajua safari hii hakuna wiki ijayo. Ndipo nikasikia neno likitamkwa, taratibu, kutoka upande wa pili wa sebule. Mama. Hakunitazama. Alisema lile neno kwa usahihi, akanyamaza. Nikalirudia. Nikaendelea. Nilipokosea tena akasema tena. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho.

Dua ikaombwa. Pilau ilikuwa na ukoko mwingi. Walikula.

Bi. Tatu alipoondoka nilisema "Shikamoo". Alikuwa anavaa kandambili. Akasema "Marahaba" akiziangalia kandambili.

Jumatatu, 26 Mei

Nimemwambia Tumaini atume sauti nzima, na ukimya wake. Akauliza, "Una hakika, Dokta?" Nimesema sina. Ametuma.

Nimezima simu. Naogopa kuiwasha.

Jumatano, 28 Mei

Mkuu wa idara amenirudishia kipindi, amesema juu wameisikiliza yote na wamechoka. Faili bado liko palepale.

Nimefundisha. Wiki ya kujijibu, imechelewa. Nimesema mbele yao mapema kwamba nitautetea upande wa pili kwa nguvu zangu zote, na kwamba mimi mwenyewe sijui nimesimama wapi. Yule kijana wa nyuma hakuuliza kitu. Tumaini aliandika, hakurekodi. Hoja ilikuwa ya kawaida. Nimewahi kutoa bora.

Jioni kaka Shabani amepiga. Nilidhani kuna jipya mtaani. Ametumwa na mama. Juzuu hazijarudishwa zote msikitini, ile moja niliyosoma imebaki nyumbani. Mama anasema Ijumaa niende, niisome tena. Anasema nilisoma vibaya.

Nimesema nitakuja.